Mgonjwa Hewa

1.

*Jukwaa la waandishi wa programu, sehemu ya maswali ya wanaoanza.*

ombeni_m: Wakuu, habari za kazi. Nina jedwali la wagonjwa, mistari mingi sana, limekusanywa kutoka hospitali mbalimbali. Kuna watu wameingizwa mara mbili, wengine mara tatu. Nawezaje kufuta wanaojirudia na kubakiza mmoja mmoja? Bosi anataka kesho.

fundi_jedwali: Mbona rahisi. Wapange kwa makundi, wanaofanana waende pamoja. Kila kundi bakiza mwenye namba ndogo, waliobaki futa.

ombeni_m: Majina yameandikwa ovyo, mkuu. Mmoja Yohana, mwingine Johana, mwingine herufi tu.

fundi_jedwali: Achana na jina la kwanza. Chukua herufi yake ya mwanzo, ukoo, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na simu. Vikigongana vyote, huyo ni mtu mmoja. Viunganishe viwe ndiyo kitambulisho chake cha pekee. Mfumo wenyewe utakataa mtu kuingizwa tena.

kisiwa88: Na mapacha je?

fundi_jedwali: Hahaha. Mapacha wangapi wana ugonjwa mmoja, herufi moja na simu moja? Kijana ana kazi ya kesho.

ombeni_m: Asanteni sana wakuu. Imekubali.

2.

Wawili.

Mimi naitwa Nyakato. Dada yangu aliitwa Nyangoma. Kwetu Kagera mapacha hawatafutiwi majina. Msichana anayetangulia kutoka ni Nyangoma, anayemfuata ni Nyakato. Ukisikia jina langu tu unajua kuna mtu alitoka mbele yangu.

Ukoo wetu Rwegoshora. Tarehe moja. Simu moja, ya mama, kwa sababu nyumbani hapakuwa na nyingine wakati tunaandikishwa kliniki. Na karani wa siku hiyo alikuwa na haraka, akaandika *Rwegoshora N.*, akashuka mstari, akaandika *Rwegoshora N.*

Kisukari kilimshika yeye kwanza, tukiwa shule ya msingi. Mimi kikanishika kabla ya mwaka kwisha. Siyo kile cha watu wazima wanaoambiwa wapunguze wali. Hiki chetu ni cha sindano kila siku, au kufa. Tulikuwa tunatunza chupa zetu mbili za insulini ndani ya mtungi wa maji, kwa sababu hatuna friji, na zilikuwa zinagongana mtu akichota.

Mazungumzo ya hapo juu niliyasoma baadaye sana. Yako wazi mtandaoni, hata wewe unaweza kuyasoma. Nimeyaweka mbele ili ujue jambo ambalo sisi hatukulijua tulipokuwa tumepanga foleni.

3.

*Karatasi iliyobandikwa ukutani, hospitali ya wilaya, karibu na choo cha wagonjwa wa nje.*

TANGAZO KWA UMMA

YAH: KUONDOLEWA KWA WAGONJWA HEWA

Wananchi wote mnatangaziwa kuwa zoezi la usafi wa takwimu limekamilika. Imebainika kuwa baadhi ya majina yalikuwa yakijirudia kwenye orodha ya dawa za ruzuku, hali iliyoisababishia serikali hasara. Majina hayo yameondolewa. Mgonjwa halisi hataathirika kwa namna yoyote.

Mgonjwa atakayeathirika atoe taarifa akiwa na namba yake ya mgonjwa.

4.

Dirisha la dawa. Alhamisi, siku ya kliniki ya kisukari. Ndani amekaa Bwana Projestus, aliyetuhudumia tangu tukiwa na sare za shule, na aliyezoea kututania kwamba atatuoa wote wawili ili asije akakosea.

Nyangoma alipita kwanza. Akapewa chupa yake.

Nikasogea.

"Rwegoshora N.," Projestus akasoma kwenye kompyuta. "Umeshachukua."

"Huyo ni dada. Mimi ni Nyakato."

"Hapa yupo Rwegoshora N. mmoja. Amechukua sasa hivi."

Nyangoma akarudi dirishani. "Bwana Projestus, si unatuona? Tuko wawili hapa."

"Nawaona."

"Sasa?"

"Mfumo unaona mmoja. Nikitoa chupa bila jina, jioni hesabu haifungi, na anayelala rumande ni mimi."

"Basi mwandikishe upya, baba," akasema mama, aliyetusindikiza.

Akaandika. Akabonyeza. Maneno mekundu yakatokea, makubwa kiasi cha kusomeka hata upande wetu wa kioo:

MGONJWA HUYU YUPO TAYARI

"Umeona, mama? Hawezi kuingia. Yupo."

"Kama yupo mpe dawa."

"Ameshachukua."

Watu nyuma yetu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, nakumbuka. Mama peke yake hakucheka. Akainama karibu na kitundu cha dirisha. "Badilisha tarehe, mwanangu. Andika alizaliwa kesho yake. Nani atajua?"

"Unataka nighushi nyaraka za serikali? Mbele za watu?" Kisha akashusha sauti, ambayo ilisikika vilevile. "Mama, kuna watu wanachukua chupa mbili, moja wanakwenda kuiuza. Sisemi ni ninyi."

Hakusema ni sisi.

Foleni nzima ikatugeukia.

5.

*Tulichojaribu*

Barua kwa mganga mkuu. Ilipokelewa vizuri. Iligongwa muhuri.

Cheti changu cha kuzaliwa. Kilisomwa mbele na nyuma. "Cheti hakina tatizo. Tatizo liko Dodoma."

Dodoma.

Hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto. Sista alituandalia chai. "Mfumo ni mmoja nchi nzima, binti zangu."

Duka la dawa mjini. Dawa ilikuwepo. Mama aliuza mbuzi. Tuliporudi mara ya pili dawa haikuwepo, na mbuzi hakuwepo.

Kuomba.

Kumwomba Projestus.

Nusu.

6.

*Ujumbe wa sauti wa Nyangoma kwenda namba ya malalamiko. Bado uko kwenye simu ya mama. Alama inaonyesha haujawahi kusikilizwa.*

"Haloo. Eti niongee tu? Sawa. Naitwa Nyangoma Rwegoshora. Mimi sina shida, shida ni ya mdogo wangu, mmemfuta. Nyakato usicheke, naongea na watu wa maana. Mmemfuta, mimi mmeniacha, sasa chupa moja tunagawana. Asubuhi namchoma nusu, najichoma nusu. Napima mimi, kwa sababu huyu ukimwachia bomba la sindano anajipunja, nimeshamkamata. Tunakonda, ndugu zangu. Tunakojoa kama ng'ombe. Sasa nauliza, ninyi mliosoma, kama lazima mmoja awe hewa, huwa mnamchaguaje? Maana huyu anapika kuliko mimi, kanisani anakwenda, hajibizani na watu. Mngenifuta mimi ningeelewa, angalau ingekuwepo sab—"

Kidole kiliteleza.

7.

Kipande hiki nimekiandika mara nyingi na kukifuta.

Masika yalipoanza Nyangoma alipata homa. Mtu wa sindano akishikwa na homa anahitaji dawa zaidi, siyo nusu. Hilo tulifundishwa wote wawili, kliniki, tumekaa benchi moja.

"Leo jichome yote," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi kesho."

"Kesho yako naijua," akasema. "Utasema kesho mpaka nikuzike. Leta mkono."

Nikakataa. Akanitukana. Nikamtukana. Chupa ikakaa katikati yetu kwenye mkeka, hakuna anayeigusa, na mama akawa mlangoni akisema jamani, jamani. Kisha Nyangoma akavuta dawa kwa bomba, akaliinua usawa wa macho kama kawaida yake, akapima nusu yangu, akapima nusu yake.

Mkono nilitoa.

Mchana akaanza kunywa maji. Alikunywa, akatapika, akanywa. Halafu akaanza kuhema, kwa kina, kama mtu anayepanda kilima akiwa amelala. Pumzi yake ilinuka rubisi, ile harufu ya ndizi mbivu zilizoanza kuchacha. Nilimwinamia nikainusa. Mtu yeyote mwenye ugonjwa wetu anaijua harufu hiyo, ni ya mwili uliokosa insulini.

"Maji," akasema.

"Umekunywa sasa hivi."

"Maji."

…

"Maji."

8.

Hospitalini walimpokea vizuri, lazima niseme ukweli. Hakuna aliyeuliza namba. "Ingizeni kwanza, mtaandikisha baadaye." Wakamtundikia maji. Muuguzi akakimbilia friji kuchukua insulini, na alipofungua mlango nikaona ndani. Chupa zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, na nyingine zimelazwa juu ya zile za chini kwa kukosa nafasi.

Walimchoma. Hawakupima nusu.

Alasiri akafa.

Muuguzi alisubiri mama anyamaze. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta ya wodini. "Pole sana, mama yangu. Jina la marehemu?"

Mama alikuwa ameshika mguu wa Nyangoma, unyayo, kwa mkono mmoja. Akageuka akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Na mimi nikaelewa alichokuwa anakisoma. Akimtaja Nyangoma, Nyangoma atafungwa kwenye mfumo, na chupa itafungwa naye. Na baada ya hapo hakutakuwa na Rwegoshora N. hata mmoja.

"Nyakato," mama akasema.

Nikaushika mguu wa pili.



Muuguzi akaandika, akatafuta, akakunja uso. "Nyakato hayupo humu."

"Najua," mama akasema.

"Basi nitaandika kwa mkono."

9.

Watu walikuwa wanatutofautisha kwa nywele. Nyangoma alikuwa ananyoa, kichwa kitupu, alisema nywele ni kazi isiyo na mshahara. Mimi nilisuka.

Kabla majirani hawajafika mama aliniketisha nyuma ya jiko. Alikata msuko mmoja mmoja, halafu akanyoa kwa wembe na maji baridi. Hakulia. Mikono yake ilikuwa imara kabisa, na sikio langu la kushoto alilikunja kwa uangalifu ili asilikate, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo.

Nywele zangu alizichukua. Alizifunga ndani ya kilemba alichomvika dada kwenye jeneza, zikatokeza kidogo kwenye paji la uso, ili atakayeaga aone misuko.

"Kuanzia sasa," akaniambia, "ongea sana. Yeye alikuwa anaongea."

10.

*Yaliyosikika msibani*

"Nyakato jamani! Nyakato, umetuacha na nani!"

"Ni yupi kafa?"

"Yule mpole."

"Afadhali kabaki Nyangoma, ndiye mwenye kichwa. Atamsaidia mama yake."

"Na yule Nyakato tangu azaliwe alikuwa kama mgeni."

"Usiseme hivyo, marehemu yuko ndani."

"Nasema kwa wema. Hakuwa na makuu. Hata kufa kwake hakumsumbua mtu."

"Nyangoma, mwanangu, mbona hulii? Mlilie mwenzio. Mwite jina."

Nilimwita.

"Nyakato," nikasema, kwa sauti ya juu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niongee sana. "Nyakato! Nyakato!"

Shangazi akanikumbatia, akasema hivyo ndivyo, toa yote.

Tulimzika kibanjani, kati ya migomba. Msalaba una jina langu lote, herufi zote, na fundi alilichonga bila kosa.

11.

*Kutoka taarifa ya utekelezaji, ukurasa wa mafanikio. Ilisomwa kwenye mkutano wa wadau, baada ya chakula.*

Zoezi limefanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha. Matumizi ya insulini wilayani yameshuka. Hakuna malalamiko yaliyosajiliwa kwa namba halali ya mgonjwa. Tunampongeza mtaalamu wetu kijana, Ndugu Ombeni Mshana, kwa ubunifu.

(Makofi.)

12.

Ombeni Mshana ni mwembamba, ana sauti ndogo. Nilitegemea mtu mwingine. Alikuja wilayani kwetu mwenyewe, baada ya mganga mmoja wa mkoa mwingine kugoma na kupiga kelele hadi zikafika Dodoma. Tuliitwa. Tukamkuta ofisini kwa Projestus, kompyuta mpakato magotini, kikombe cha kahawa kimepoa pembeni. Projestus alikuwa anatazama dirishani.

"Wewe ni Nyangoma?" Ombeni akaniuliza.

"Ndiyo." Mama alikuwa ameshanishika mkono, juu ya kiwiko.

"Pole sana, dada. Sina cha kusema." Akafunua kompyuta. "Ila nakala ya zamani ilikuwepo. Wote waliofutwa kimakosa nimewarudisha. Njoo uone. Huyu hapa mdogo wako."

Nikainama. Lilikuwa limeandikwa zima, siyo herufi tena:

RWEGOSHORA, NYAKATO. HALI: HAI

Nilitamani nikiguse kioo.

"Sasa inabidi nirekebishe hali," akasema kwa upole. Akafungua kidirisha kidogo, ndani yake mna maneno mawili tu ya kuchagua. Akachagua la pili. "Naomba tarehe ya kifo."

Kucha za mama ziliingia kwenye ngozi.

Nikamtajia tarehe.

Akabonyeza. Mstari ukageuka wa kijivu. Ombeni akainamisha kichwa, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anasali.

"Mlifanana sana?" akaniuliza alipomaliza.

"Watu walisema hivyo."

Akaandika namba yake kwenye kipande cha karatasi. Akasema atakuwa hapa mpaka Alhamisi, nikiwa na lolote. Projestus akatoa chupa yangu ya mwezi ule, akanikabidhi kwa mikono miwili, bila kuniangalia.

13.

*Simu. Mimi na Ombeni. Nilipigia nyuma ya kanisa.*

"Kaka Ombeni, nina swali."

"Uliza tu, Nyangoma."

"Mtu aliyewekwa kwamba amefariki. Kwa mfano imekosewa. Anaweza kurudishwa?"

"Ndiyo. Kwenye jedwali ni neno moja tu linabadilika. Lakini lazima aje mwenyewe. Na kama alikuwa anachukua dawa kwa jina la mtu mwingine, hilo haliko mikononi mwangu, ni la polisi. Na la kaburi pia. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Nyangoma."

"Abee."

"Wewe ni nani?"

Nilikata simu. Yeye hakupiga tena. Mpaka leo sijui kama hakuelewa, au alielewa na akaona kwamba safari hii bora asiguse kitu.

14.

Alhamisi.

Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za mchana. Tangu msiba alikuwa ananiita Nyangoma mbele za watu. Tukiwa peke yetu alikuwa haniiti jina lolote. Alisema *wewe*, au *mwanangu*, au aligonga sufuria kwa mwiko.

"Nakwenda hospitali," nikamwambia. "Yule kijana anaondoka leo."

"Chupa si unayo?"

"Siendi kuchukua chupa. Nakwenda kumwambia mimi ni Nyakato."

"Punguza sauti."

"Tuko peke yetu, mama."

Alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitumbukiza kwenye maji. Akachukua nyingine.

"Watakufunga," akasema.

"Labda. Mwezi ujao nitachukua dawa kwa jina langu, hata kama ni gerezani. Na msalaba tutaubadilisha. Dada hana hata msalaba, mama. Amelala chini ya jina langu kama mtu aliyepanga chumba."

"Na mimi nikienda pale kibanjani nitakuwa nimemzika nani?"

"Nyangoma, mama. Ulimzika Nyangoma."

Kisu kikasimama.

Nilisubiri alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa nimepanga hata nitakaa upande gani nimshike. Lakini aliinua uso, na uso ulikuwa mtulivu, umetulia kuliko nilivyowahi kuuona tangu masika. Hakukuwa na mtu mlangoni. Hakukuwa na mtu uani. Mvua ilikuwa inanyesha na njia ilikuwa tupu.

"Nyangoma yuko hapa," akasema. Akatabasamu. "Nyangoma, mama, nisogezee sufuria. Halafu niambie, yule mwenzio huwa unamwota?"

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Sufuria ilikuwa karibu na mguu ule mwingine.